Pilipili Dirishani Wakati wa Baridi

Kwetu pilipili ni mmea wa uani usiohitaji kubembelezwa. Ndege hudondosha mbegu chini ya mti, mvua ikanyesha, na baada ya miezi michache mama wa nyumba ana pilipili kichaa za kumtosha yeye na jirani zake. Lakini huko Uingereza mambo ni mengine. Mjini London siku iliyo fupi kuliko zote katika mwezi wa Desemba haifikishi saa nane za mwangaza wa jua, na usiku mmoja wa sakitu kali watosha kuuacha mpilipili na majani meusi yaliyolegea.

Yuko mwanamke mmoja wa Mombasa, aliyeolewa huko, ambaye hakukubali kushindwa. Mbegu alizitoa katika pilipili za sokoni Brixton, zile fupi zenye makunyanzi, ambazo ni ndugu wa pilipili mbuzi zetu. Mumewe alimwambia, "Bibi, pilipili zimejaa madukani. Ya nini kuziba madirisha kwa vyungu?" Naye akajibu, "Bwana, za dukani nitanunua. Hizi nataka watoto wazione zikiwa mtini." Kwa kuwa watoto wale, waliozaliwa huko, hawakuwa wameona pilipili ila ndani ya mfuko.

Watu wengi hudhani ya kuwa pilipili ni mmea wa mwaka mmoja. Sivyo, mahali pasipo na sakitu huishi miaka kadhaa. Basi mama huyo, usiku unapokaribia kushuka chini ya digrii 10 za sentigredi, huchuma matunda yote, hukata matawi mpaka libaki shina lenye vitawi vifupi, kisha huuosha mmea kwa maji ya sabuni kidogo. Asipofanya hivyo atawaingiza vidukari nyumbani, nao huzaana upesi mno penye joto. Chungu huwekwa kwenye dirisha lielekealo kusini, maana huko jua la baridi hupita upande huo, tena chini sana. Maji ni machache: mizizi iliyolala ikiloweshwa huoza.

Hapo ndipo subira hujaribiwa. Majani huanguka, na mtu asiyejua huutupa mmea jalalani. Yeye hukwaruza gome kwa ukucha. Akiona ukijani chini yake, hungoja. Machipukizi huonekana mnamo Februari au Machi, na mwisho wa Mei chungu hurudi nje, kikiwa na mizizi mikubwa iliyo tayari, jambo lenye faida sana kwa pilipili za namna hii zinazochelewa kuzaa.

Mrehani ni dhaifu zaidi. Huo hukatwa kijiti na kutiwa katika bilauri ya maji mpaka utoe mizizi, ndipo upandwe. Mnanaa hauna haja ya huruma. Hukauka juu, ukalala ardhini, na kuchipuka wenyewe. Majani ya giligilani yakikaushwa hupoteza harufu, kwa hiyo hukatwakatwa na kugandishwa pamoja na maji katika vyumba vya barafu.

Pilipili nyembamba hutungwa uzini zikakauka. Wahungari wa Szeged na Kalocsa hutundika zao ukutani, na ni kutoka pilipili za Szeged ambako Albert Szent-Györgyi alipata vitamini C kwa wingi. Alitunukiwa Nobel mwaka 1937. Zenye nyama nene huota ukungu katika hewa ya London, na afadhali zigandishwe au zitiwe siki. Lakini kutia pilipili mbichi au majani mabichi katika mafuta na kuyaacha kabatini ni hatari. Mafuta huzuia hewa, na ndani yake vijidudu vya botulini vyaweza kutoa sumu isiyo na harufu wala ladha, iwezayo kuua. Jambo hili mama huyo halifanyii mzaha, hata mgeni amsifie namna gani chupa nzuri za aina hiyo.

Katika mimea mitatu aliyoiingiza ndani, miwili imechipua. Wa tatu gome lake ni kahawia mpaka chini. Mtoto mdogo hakubali utupwe, naye huukwaruza kila asubuhi kabla ya kwenda shule.