Asali Nayo ni Sukari

Kwetu, kumpa mgeni chai bila sukari ni kama kumwambia asirudi. Hatakuambia kitu usoni, lakini akifika barabarani atasema, "Kule hakuna kitu, wametunywesha maji ya moto." Nimelelewa hivyo. Sukari inawekwa kwenye sufuria, inachemka pamoja na majani ya chai, na kila kikombe kinatoka tayari ni kitamu. Hakuna anayekuuliza unataka vijiko vingapi.

Ndiyo maana siku mama alipoambiwa ana kisukari, hakuuliza kwanza habari ya dawa. Alitoka kwa musawo, akakaa kwenye benchi nje, akaniambia, "Sasa bageni nitabapatia nini?"

Inabidi nieleze mama alikotoka. Alizaliwa Kiliba, kwenye bonde la Ruzizi, karibu na Uvira. Wanaopajua wanajua kwamba Kiliba ni kiwanda cha sukari. Babu alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa, na familia iliishi kwenye kambi. Siyo kambi ya wakimbizi, kambi ya wafanyakazi. Mama anasema walikuwa wanatafuna muwa asubuhi kabla ya shule, na usiku nyumba nzima inanuka miwa iliyochemshwa. Vita vya 1996 vilipofika, kiwanda kilisimama. Kwa mama, sukari si kitu cha kutia kwenye chai tu. Ni baba yake kurudi kazini akiwa na kitu mkononi. Huku Uganda, tukipanda taksi kwenda Jinja, tunapita Lugazi, miwa imejaa kila upande. Hapo mama ananyamaza mpaka tuyapite yale mashamba.

Mimi sukari niliyoikuta Kampala ni ile ya robo kilo, imefungwa kwenye kaveera, inauzwa kwenye duka dogo la mtaani Nsambya. Sisi wakimbizi wa mjini hatupati mgao wa chakula kama wenzetu walioko Nakivale au Kyangwali. Unajitegemea. Chai yenye sukari nyingi na mandazi mawili asubuhi, hiyo inakusukuma mpaka saa nane mchana. Sukari ni shibe ya bei ndogo. Mtu akikuambia tu "acha sukari", hajakuambia utakula nini.

Basi nikaanza kutafuta. Mimi ndiye nimesoma mpaka sekondari, mimi ndiye nafanya kazi na vijana, nyumbani wananiona kama najua kila kitu. Nikasikia kila mahali neno moja: asili. Sukari ya kiwandani ni mbaya, ya asili ni nzuri. Tumia asali. Tumia sukari guru, ile ya matofali ya kahawia. Tumia juisi ya matunda. Muuzaji mmoja sokoni aliniambia, "Asali haina shida, hata wagonjwa wa kisukari wanakunywa, Mungu mwenyewe ameitengeneza." Nikaamini. Nikanunua kopo la asali kwa pesa niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya kodi ya nyumba, nikamwambia mama, "Sukari tumeiacha leo. Sasa ni asali tu."

Mama alifurahi kweli. Kumbe ugonjwa wenyewe si mgumu hivyo! Alikuwa anaweka vijiko vitatu kwenye kikombe, vikombe vitatu kwa siku, na mchana glasi ya juisi ya embe. Na kwa kuwa ni ya asili, hakuhesabu.

Kabla ya asali, mashine ilikuwa inaonyesha 9 asubuhi kabla hajala. Baada ya wiki tatu ilionyesha 15. Alikuwa anaamka usiku kwenda chooni mara nne, mara tano, na macho yanaona ukungu. Nilidhani dawa ni mbovu. Nilienda kwa musawo nimekasirika, niko tayari kugombana.

Musawo hakugombana na mimi. Aliniuliza mama anakula nini, nikamwambia kwa kujisifu kwamba sukari tuliiacha. Akaniuliza anaweka nini kwenye chai. Nikasema asali. Akacheka kidogo, akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Asali nayo ni sukari. Nyuki ndiye alikuwa mwenye kiwanda."

Halafu akanieleza. Katika asali, kama sehemu nne kwa tano ni sukari yenyewe, zaidi fruktosi na glukosi, na nyingi ya iliyobaki ni maji. Tena asali ni nzito. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4 hivi. Kijiko hicho hicho cha asali kina uzito wa gramu 7, na ndani yake sukari ni zaidi ya gramu 5. Maana yake nilimpa mama sukari nyingi kuliko ile aliyoiacha. Asali ni tamu kidogo kuliko sukari, kwa hiyo mtu anaweza kutumia kidogo zaidi. Lakini nani kwetu anatumia kidogo kitu alichoambiwa ni dawa?

Sukari guru nayo ni maji ya muwa yaliyochemshwa mpaka yakakauka. Ina madini kidogo, rangi yake na ladha yake ni nzuri, lakini mwilini inafanya kazi kama sukari nyingine. Na juisi, hata ukiikamua mwenyewe nyumbani, umechukua sukari ya maembe matatu ukaacha nyuzi zake kwenye kichujio. Embe moja ukilitafuna, linashibisha na linaingia mwilini polepole. Juisi ya maembe matatu unaimeza kwa dakika moja. Shirika la Afya Duniani linahesabu asali na juisi pamoja na sukari ya kuongeza. Tunda zima halimo kwenye hesabu hiyo.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Sikuogopa mama kunikasirikia. Nilichoona aibu ni kwamba nilitumia pesa ya kodi kumwumiza, na nilifanya hivyo kwa mapenzi.

Wiki ile ile nilikuwa na vijana wangu Jumamosi. Tunacheza mpira asubuhi, halafu tunakaa kuzungumza. Karibu kila mmoja anakuja na chupa ya plastiki mkononi, soda au kile kinywaji cha kuongeza nguvu. Niliwaambia, leo hatuongei mambo ya maisha, leo tunasoma chupa. Tukachukua moja, tukatafuta yale maandishi madogo. Gramu 11 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ni nusu lita. Mvulana mmoja mwenye hesabu nzuri akasema haraka: gramu 55. Tukachukua kijiko na kaveera ya sukari, tukaanza kuhesabu kwenye glasi tupu. Kumi. Kumi na moja. Kelele zikapungua. Kumi na nne, karibu.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula kwa siku. Kwa mtu mzima ni kama vijiko 12. Na likasema ni vizuri zaidi kushuka mpaka nusu yake, vijiko 6. Chupa ile moja ilikuwa imemaliza siku nzima na kupita.

Msichana mmoja akauliza, "Basi tunywe zile zilizoandikwa hazina sukari?" Swali zuri, na baada ya asali sikutaka tena kujibu kitu nisichokiangalia. Nilimwambia tungoje Jumamosi ijayo. Nilipouliza na kusoma, nilikuta hivi. Aspateme, sakarini na sukralosi zinatia utamu bila kupandisha sukari ya damu kama sukari yenyewe. Lakini Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasizitumie kama njia ya kupunguza unene, kwa sababu kwa muda mrefu halikuona zinasaidia kupunguza mafuta ya mwili. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Hao waongee na musawo wao. Wa kwetu alisema mama akitumia kidogo wakati wa kujifunza si dhambi, ila mdomo unaozoeshwa utamu mkali utaendelea kuutafuta.

Kuna pia stivia, ambayo inatoka kwenye majani. Asili yake ni Paraguay, na hata jirani zetu Kenya kuna wakulima wanaoilima. Niliikuta kwenye supamaketi mjini, nikaangalia bei, nikairudisha. Na pakiti nyingine ukisoma nyuma unakuta imechanganywa na vitu vingine vya kuijaza. Mwenye uwezo atajaribu. Mimi nilikuwa natafuta kitu cha watu wa Nsambya.

Tulichofanya nyumbani hakina uchawi. Tulipunguza. Wiki ya kwanza mama alitoka vijiko vitatu akaenda viwili na nusu. Wiki ya tatu viwili. Hakuacha kwa siku moja, kwa sababu tulijaribu hivyo na akalia njaa na hasira mpaka nyumba nzima ikakosa amani. Tena mtu anayekunywa dawa za kisukari, hasa wa sindano, asikate chakula ghafla bila kuuliza. Sukari ikishuka sana nayo inaweza kumwangusha.

Mahali palipobaki wazi kwenye kikombe tulipajaza na harufu. Tangawizi iliyopondwa. Kipande cha mdalasini. Mchaichai, ambayo mama bado anaiita sitronele, tumeipanda kwenye kidumu kilichokatwa mbele ya mlango wa muzigo wetu, na inaota bila kusumbua. Hivyo vitu haviponyi kisukari, yeyote asikudanganye. Ila chai inakuwa na kitu cha kuonja, na ulimi hauulizi sana sukari iko wapi. Asubuhi badala ya mandazi mawili ni andazi moja na karanga, au maharage yaliyobaki jana. Tunda ni zima, na ni kwa kiasi: sukali ndiizi moja, siyo kichana. Baada ya kama miezi miwili mama alikunywa chai kwa jirani, akarudi akikunja uso: "Ile si chai, ile ni asali." Tulicheka sana.

Lakini wageni walibaki. Mama alikuwa amezoea chai yake, ila akisikia hodi tu anatia sukari kwenye sufuria kama zamani, na yeye mwenyewe anakunywa nao, ili wasiulize. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote. Aliniambia, "Batasema nimefika mwisho." Hapo ndipo nilielewa kwamba tulipigana na utamu kumbe kilichokuwa kigumu ni aibu. Aibu ya kuwa mgonjwa, na aibu ya kuonekana huna.

Jumapili moja walikuja akina mama watatu wa kanisani. Mimi ndiye niliyepika chai, na sikutia sukari. Niliweka bakuli la sukari katikati ya meza, limejaa mpaka juu, na vijiko vinne. Mama aliniangalia kwa jicho ambalo kila mtoto wa Kikongo analijua. Halafu akavuta pumzi, akawaambia wageni, "Musishangae. Sukari iko, mutie munavyopenda. Mimi docta amenikataza. Niko na ugonjwa wa sukari."

Wakanyamaza kidogo. Mmoja akasema pole. Mwingine akatia vijiko vitatu, akakoroga, akaendelea na habari za kwaya. Hakuna aliyesema tumekuwa maskini. Bakuli lilikuwa linaonekana.

Wakati wa kuaga, yule wa vijiko vitatu alibaki nyuma kidogo. Alimshika mama mkono, akauliza kwa sauti ya chini, "Ulipimiwa wapi?"

Mama alimpeleka wiki ile ile. Siwezi kusema walimwambia nini huyo mama, ni siri yake. Wetu anaendelea. Mara ya mwisho mashine ilionyesha 8. Musawo alisema bado, lakini tunaenda vizuri. Kopo la asali liko juu ya kabati, limebaki robo. Nikipata kikohozi naramba kijiko kimoja, nakihesabu.