Sauti ya Marehemu Baba Yetu Katika Ukanda wa Video



Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya chombo ambacho vijana wengi wa leo hawakijui ila kwa kukiona kimefunikwa kitambaa juu ya kabati, nacho ni deki ya video. Hatukuishiwa na maneno ya maana, bali chombo hicho kimetusomesha somo ambalo yatupasa kulisema, ijapokuwa ndani yake imo aibu yetu.

Katika mwaka 1993 marehemu baba yetu, aliyesomesha Kurani mtaani kwetu hapa Unguja umri wake wote, aliwafanyia wanafunzi wake hitima. Ndugu yetu mmoja akaaye Muscat alikuwapo na kamera ya video, akaipiga shughuli yote, akatuazima ukanda wake kwa usiku mmoja tu, kwani asubuhi alikuwa na safari. Tukaazima deki ya pili kwa jirani, tukaziunganisha kwa waya ili tunakili. Tulikuwa vijana wakati huo, na tulijiona mafundi.

Ukanda wetu ulikuwa mmoja, wa saa tatu, na nusu yake imejaa mchezo wa mpira ambao hatukupenda kuufuta. Hitima ilizidi saa mbili. Basi tukafanya hila. Deki yetu ilikuwa na kasi mbili: ya kawaida, ambayo ukanda hupita kiasi cha milimita 23 kwa sekunde, na ya polepole, ambayo ni nusu ya hiyo. Kwa kasi ya polepole ukanda wa saa tatu huchukua saa sita. Tukaichagua hiyo, tukaitazama picha dakika moja, tukaenda kulala. Hatukuurudisha ukanda nyuma tukasikiliza. Wazee wamesema, rahisi huvunja upishi; nasi tulimhifadhi baba yetu kwa urahisi ili tusipoteze mpira.

Miaka mitano baadaye baba alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwaka huu watoto wetu walitaka ukanda ule uhamishiwe katika kompyuta kabla haujaharibika. Neno lao lilikuwa la haki. Hewa ya pwani huotesha ukungu katika kanda, na deki mpya hazipatikani tena, kwani kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuziunda, iliacha kazi hiyo mwaka 2016.

Tulipoutia ukanda, hapakuonekana mtu. Palikuwa na michirizi meupe inayopanda na kushuka. Vijana wakakata tamaa, sisi tukakumbuka ufundi wa zamani. Ndani ya deki mna gurudumu lenye vichwa vidogo, lizungukalo mara 25 kwa sekunde, nalo huandika picha katika ukanda kwa mistari iliyolala upande. Vichwa hivyo visipopita juu ya mistari ile ile sawasawa, picha huchafuka. Dawa yake ni kitufe kilichoandikwa Tracking. Tulikibonyeza kidogo kidogo, huku tukingoja kila mara, mpaka michirizi ikashuka ikatoka chini ya kioo. Baba yetu akatokea, amekaa juu ya jamvi na kanzu yake, na kidole chake kikimfuatishia mtoto mstari wa msahafu. Nyumba nzima ilinyamaza.

Lakini sauti yake ilitoka kama ya mtu asemaye ndani ya mtungi. Tulikibonyeza tena kitufe kile, kisifae kitu. Katika deki za kawaida kama yetu, sauti haiandikwi na lile gurudumu. Huandikwa peke yake katika ukingo wa ukanda, na ukanda uendapo polepole, sauti nyembamba za juu hazishiki. Fundi alikaza kwa uangalifu skrubu ndogo ya kichwa cha sauti, ikafunguka kidogo, na hapo ndipo ilipokoma.

Ndipo mjukuu wetu, ambaye yumo katika juzuu ya pili, alipouliza, "Babu, hapo mzee amesoma sini au thaa?"

Tulisikiliza mara tatu, na hatukuweza kumjibu. Herufi hizo mbili hupambanuliwa kwa zile sauti nyembamba ambazo kasi yetu ya polepole ilizitupa. Na baba yetu ndiye aliyeweza kumzuia mtoto mpaka adhuhuri kwa herufi moja, asimruhusu kwenda kula mpaka ulimi wake ukae mahali pake. Majuto ni mjukuu, nasi yetu tuliletewa na mjukuu mwenyewe.

Wasomaji wetu, yako marekebisho ya kusomea na yako ya kuandikia. La kusomea huondoa vumbi juu ya kitu kilichopo, na haliwezi kukirudisha ambacho hakikuandikwa. Kwa hiyo, wenye kanda za wazee wao wasafishe kwanza vichwa vya deki, warekebishe picha mpaka itulie, kisha ndipo wanakili. Wasizidishe ukali wa picha katika televisheni, kwani huzidisha uchafu. Waya wa manjano ni wa picha, mwekundu na mweupe ni za sauti. Na mwenye simu leo amrekodi mzee wake angali hai, chumba kikiwa kimya na simu ikiwa karibu na kinywa, kisha asikilize papo hapo kabla mzee hajainuka.

Nasi tusomeshao watoto tusijione tumeepuka. Mtoto tukimharakisha ili tumalize juzuu nyingi, tumeichagua ile kasi ya kubania ukanda, na hapana kitufe cha kumtengeneza baadaye.

Tumempigia simu ndugu yetu wa Muscat. Asema ukanda wake wenyewe huenda umo katika sanduku la marehemu mkewe, naye atalifungua goti lake likipoa. Twangoja. Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu, na atusamehe uzembe wetu katika amana zao. Amin.