Siku Moja Kando ya Mto Sibiti

Jioni moja tulimkuta kitinda mimba wetu akicheza na wenzake uani. Yeye ndiye alikuwa mama. Alijifunga khanga, akakamata mkoba, akasema, "Kaeni vizuri, nawahi zamu," kisha akatoka. Hakurudi mpaka mchezo ukaisha. Watoto wenzake walicheka. Sisi wazazi hatukucheka.

Akina mama wenzetu wauguzi watatuelewa. Usiku ni zamu, mchana ni usingizi, Jumamosi kikao cha akina mama kanisani, Jumapili kuwatembelea wagonjwa. Kazi zote ni njema, lakini nyumbani kwetu tulikuwa wapita njia. Usiku ule baba watoto alisema, "Mama, tupange siku moja iwe yetu tu." Basi tukaomba udhuru kwenye kikao, tukabadilishana zamu na mwenzetu.

Sisi tunaishi Bukundi, wilayani Meatu. Hatukuwa na fedha za kwenda mbugani Serengeti, lakini Mto Sibiti tunao. Mto huu hutoka Ziwa Kitangiri na kuelekea Ziwa Eyasi, na daraja lake linauunganisha mkoa wetu wa Simiyu na Singida. Ilikuwa Julai, mavuno yamekwisha na njia ni kavu. Tulifunga matobolwa, karanga, kuku wa kienyeji na kibuyu cha maziwa ya mgando, tukapata lifti mpaka karibu na daraja.

Tulitembea polepole, bila kumwambia mtoto hata mmoja aharakishe. Tuliwatazama ndege wakivua samaki. Baba watoto aliwasimulia watoto jinsi mambo yalivyokuwa kabla ya daraja: mvua zikinyesha na mto ukifurika, msafiri alikwama ng'ambo akisubiri maji yapungue. Watoto walishangaa. Kumbe hata sisi tulikuwa hatujawahi kumsikia akisimulia hadithi ndefu kiasi kile!

Vijana walitaka kuoga. Hapo uuguzi haukukubali kubaki nyumbani. Tuliwaeleza kwamba vijidudu vya kichocho hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu anayeoga au kukanyaga maji hayo. Akina mama, mtoto akikojoa damu, au akiumwa tumbo mara kwa mara na kuharisha damu, mpelekeni zahanati. Ugonjwa huu una dawa. Tena mto una viboko na mamba, kwa hiyo tulikaa mbali na ukingo, chini ya mgunga wenye kivuli.

Siku hiyo baba watoto ndiye aliyegawa chakula. Sisi tulipokea sahani kama wageni, na tuseme kweli, mwanzoni tuliona haya.

Baada ya kula wavulana walikwenda na baba yao kutazama daraja, mdogo akalala mapajani. Binti yetu wa miaka kumi na mitatu alisogea karibu, akachorachora mchangani kwa kijiti. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi nimeshavunja ungo. Ni mwezi wa tatu sasa. Nilimwuliza mama jirani."

Tulinyamaza. Sisi ndio tunaowafundisha mabinti wa wenzetu juu ya mambo hayo, kwa michoro na vitambaa! Tukamwuliza kwa nini hakutuambia. Akajibu bila hasira, "Ulikuwa umelala, Mama. Halafu ukaenda zamu."

Hatukujitetea. Tulimwomba mtoto msamaha, tukazungumza mpaka jua likaanza kushuka. Aliuliza maswali mengi, na mengine yalituchekesha sote wawili.

Akina mama, hatusemi tuache kazi wala huduma. Bwana Yesu mwenyewe, wanafunzi wake waliporudi kutoka kazini, aliwaita wakae kando wapumzike kidogo (Marko 6:31). Tunadhani alijua kuwa mwenye kuwahudumia wengi huweza kuwasahau walio karibu.

Sasa kila mwezi tuna Jumamosi moja isiyo na kikao. Si lazima iwe mtoni. Mara nyingine tunakaa chini ya mwembe wa jirani na karanga zetu. Juzi tulimwona tena kitinda mimba akicheza mama. Alikwenda zamu kama kawaida. Lakini safari hii alirudi, akaketi, akawauliza wanawe, "Haya, niambieni, leo mmeshindaje?"