Viputo, asali na udaktari wangu wa uongo

Najua nimewapotea wiki mbili. Sijawasahau, ni maabara tu imenibana.

Wengi mnauliza huku chuoni nafanya nini hasa. Natengeneza vijumba vya kufugia seli. Unachukua silikoni ya maji iitwayo PDMS, sehemu 10 kwa sehemu 1 ya kigandisho, unakoroga, unamimina juu ya kalibu yenye matuta membamba kama unywele, kisha unaioka kwenye oveni kwa nyuzi 70. Ikiganda unaibandua, unapata kipande cha mpira mwangavu chenye vijifereji. Unakibandika kwenye kioo, unaingiza seli na chakula chao. Mpira huo unapitisha hewa, kwa hiyo seli zinapumua. Mwaka 2010 watafiti wa Harvard walionyesha pafu dogo la namna hii, na lilikuwa linatanuka kama linapumua!

Adui mkubwa ni kiputo. Kikipita kwenye mfereji kinazikokota seli zote, zinakufa. Nilishaharibu vifaa vitatu hivyo. Halafu Jumatatu pampu ya kunyonya hewa nayo ikafa, na mchanganyiko umejaa viputo kibao. Nikachoka kabisa.

Ndipo nikamkumbuka baba kule Mitundu. Akishatoa asali kwenye mizinga anaichuja, anafunika ndoo, anaiacha itulie mpaka povu lipande lenyewe. Tatizo silikoni ikikaa inaganda. Lakini baridi huichelewesha, basi nikaiweka kwenye friji usiku kucha. Asubuhi ilikuwa safi kama maji, viputo viwili tu, nikavitoboa kwa sindano.

Sasa aibu yangu. Nyumbani mtaa mzima unaniita daktari, na mimi sijawahi kukanusha. Jumapili baba alipiga: bibi anajisikia nafuu, je, aache vidonge vya presha? Nikamwambia niko bize, nitapiga. Siku tatu sikupiga. Yaani niliogopa kuvuliwa cheo ambacho sina!

Jana jioni nikachungulia kwenye hadubini. Seli zimeshika kwenye kioo, zimejinyoosha, ziko hai. Nilifurahi, halafu nikajisikia vibaya. Seli nazilinda hivi, bibi je? Nikapiga.

"Baba, mimi si daktari wa kutibu watu. Nasoma mambo ya seli tu. Bibi asiache vidonge, mpeleke kituo cha afya wampime."

Kimya. Nikawa nasikia kuku tu.

"Sasa hizo seli," akauliza, "zinakula nini?"

Tukaongea mpaka salio likakata. Hata ile ya friji nilimwambia, akacheka sana.

Leo asubuhi bibi kapelekwa, vidonge anaendelea navyo. Haya wadau, nakimbia kubadilisha chakula cha seli. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.