Ruashi: karata za Papa zarudi mezani kupitia simu ya binti yake

RUASHI, LUBUMBASHI – Katika lupango moja la Kalukuluku, komine ya Ruashi, kuna viti vinne vya chuma chini ya mwembe. Kwa miaka mingi, kila siku saa kumi na moja za jioni, viti vile vilikuwa na wenyewe. Watatu walikuwa wafanyakazi wa zamani wa Gécamines, wa nne mwalimu mstaafu. Walikuwa wakicheza beloti, na majirani wanasema sauti ya karata ikipigwa mezani ilisikika hadi barabarani.

Mwenye lupango ni mzee wa miaka sabini na kitu. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi, pale penye bomba refu na kile kilima cheusi ambacho kila mtu wa mji huu anakijua. Beloti alijifunza hukohuko kiwandani, saa za kupumzika, kutoka kwa mkubwa wake wa kazi. Mwaka 2003 alikuwa mmoja wa wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliotia sahihi ile karatasi ya kuondoka kazini kwa hiari. Neno "hiari" mpaka leo analitamka huku akiangalia pembeni. Feza ya mwisho wa hesabu iliisha upesi, watoto wakatoka shule, mama wa nyumba akaanza kuuza makala. Karata tu ndizo hazikuhitaji mshahara.

Kisha viti vikaanza kubaki vitupu. Mwalimu alitangulia kufa. Mwaka uliofuata akafuata wa pili. Wa tatu, ambaye ndiye aliyekuwa akikaa ng'ambo ya meza kama mwenzake wa mchezo kwa zaidi ya miaka ishirini, alichukuliwa na mtoto wake kwenda kuishi Likasi, kilometa kama 120 kutoka hapa. Mzee akabaki na meza. Akaanza kulala mchana. Akiulizwa kitu alijibu kwa neno moja, na bukari aliirudisha nusu. Mama wa nyumba alisema ni uzee. Binti yake hakuamini.

Binti huyo ana miaka thelathini na mbili na anauza unite na kutuma feza kwa simu kando ya barabara, chini ya mwavuli. Mzee humwita "Mama", kwa sababu amebeba jina la mama yake mzazi. Siku moja alimwambia baba yake amfundishe karata ili wacheze wote wawili. Jibu lilikuwa fupi: "Beloti ni ya watu wane, Mama." Hapo mazungumzo yakaisha.

Basi akafanya jambo ambalo vijana wengi wangefanya. Alishusha programu ya beloti kwenye simu, ya bure, na akaanza kujifunza kimya kimya chini ya mwavuli, kati ya mteja mmoja na mwingine.

Kwa asiyeijua, beloti ni mchezo wa karata 32, kuanzia saba hadi asi. Wachezaji ni wanne, wawili kwa wawili, na wenzi hukaa wakitazamana. Kila mmoja anatupa karata moja kwa zamu, mwenye kubwa anaokota zote nne, na mwisho wa raundi pointi za karata zilizookotwa zinahesabiwa. Rangi moja inachaguliwa kuwa atu, yaani ile ambayo watu wa pwani huiita turufu, na inakata nyingine zote. Hapo ndipo ulipo ujanja wa mchezo huu, maana atu inageuza vyeo. Valé, ambaye kwenye rangi ya kawaida ana pointi 2 tu na anapigwa na mfalme, na dame, na kumi, na asi, akiwa atu anapanda hadi pointi 20 na hakuna wa kumpiga. Tisa, ambayo kwa kawaida haina hata pointi moja, ikiwa atu inakuwa na 14 na inakaa juu ya asi. Mdogo wa jana ndiye mkubwa wa leo. Mzee wa Ruashi husema hata kiwandani aliyaona hayo.

Pointi zote za raundi ni 162, ukiweka na 10 za kuokota mara ya mwisho. Anayechukua atu ameahidi kwamba yeye na mwenzake watapata zaidi ya nusu, yaani 82 au zaidi. Wakikosa, wanasemwa wako ndani, na wapinzani wanachukua 162 zote. Hakuna huruma ya kugawana.

Binti aliingia ndani mara nyingi. Majuma ya kwanza alicheza na mashine, na mashine ilimpiga bila kuchoka. Alikuwa akiona asi mbili mkononi anafurahi na kuchukua, bila valé, bila tisa, kisha anashangaa asi zake zinakatwa na saba ya atu. Mara nyingine mwenzake alikuwa tayari anaokota, naye anamrushia karata tupu badala ya kumpakia kumi. Raundi moja aliyokuwa na uhakika wa kushinda iliishia kwenye 79. Pointi tatu tu, na 162 zikaenda upande wa pili. Siku ile alifunga mwavuli saa tisa za mchana.

Alipoanza kucheza na watu wa kweli mambo yakawa mabaya zaidi. Mwenzi unayepewa na simu humjui, anaweza kuwa Ufaransa, anaweza kuwa mtaa wa pili. Ukikosea mara mbili anatoka mezani na kukuacha na mashine. Mmoja alimtumia alama ya mtu anayelala. Ni kweli kwamba mchezo wa bure haukuli feza, lakini mega zinaisha, na kwa muuza unite kula mega zake mwenyewe ni kama mwenye duka kula sukari ya duka.

Nyumbani kukawa na neno. Kaka yake mdogo aliwahi kupoteza feza ya mtaji wa familia kwenye kubahatisha mipira, feza iliyokuwa ya kununua magunia ya makala, na mama yake hakuwa amesahau. Alipomuona binti anainamia simu usiku, taa ya kioo ikimulika uso, alisimama mlangoni.

"Na weye umeanza?"

"Hapana, Mama. Hii haina feza. Ni karata tu."

"Yaya yako pia... eh, mudogo yako pia alisema ni mupira tu."

Binti alimuonyesha simu. Mama hakuiangalia. Kwa majuma mawili alikuwa akihesabu feza ya mauzo mbele ya binti, noti kwa noti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Liliuma, na binti anakiri kwamba nusura afute programu ile. Hakuifuta kwa sababu hakuwa bado amepata kile alichokuwa anakitafuta, na kueleza alichokuwa anakitafuta kungeharibu jambo lenyewe.

Kilichombadilisha ni kuhesabu. Alichukua daftari ya madeni, upande wa nyuma, akaandika: atu ni 8. Basi. Kabla ya kutupa karata yoyote alijiuliza nane zile ziko wapi. Ukiwa na nne mkononi, nne ziko nje. Ukifungua kwa valé na watu watatu wakafuata, imebaki moja. Mpaka ile moja itoke, asi yako si asi. Wiki nzima hakuangalia pointi, alihesabu atu tu, kama anavyohesabu kasha jioni. Halafu akaongeza kumi, maana kwenye rangi za kawaida kumi inampiga mfalme na wengi wanasahau. Taratibu alianza kujua mpinzani ana nini kabla hajatupa. Akajifunza pia kukataa. Karata nzuri bila valé wala tisa aliziacha zipite, na hilo, kwa mtu aliyezaliwa na haraka, lilikuwa gumu kuliko yote.

Baada ya miezi mitatu hivi alikuwa akishinda zaidi ya kushindwa.

Mzee aligundua kwa bahati. Umeme ulikuwa umekatika, watu wote walikuwa nje, na binti alikuwa amekaa kwenye kimoja cha viti vile vinne. Baba alipita nyuma yake kwenda msalani. Alipita, akasimama, akarudi hatua moja.

"Atu ngapi zimetoka?"

"Sita, Papa."

"Na mbili ziko kwa nani?"

"Moja kwangu. Moja kwa huyu wa kuume."

Mzee alikaa kimya. Kisha akasema maneno mengi kuliko aliyoyasema mwezi mzima: kwamba karata ya mu simu haiko karata, kwamba huwezi kuona macho ya mwenzako, kwamba mtu anayecheza bila kusikia pumzi ya mpinzani ni sawa na anayeoga na nguo. Akakaa kiti cha pili. "Lakini usitupe ile asi. Ngoja."

Tangu siku ile alikuwa mwalimu, na si mwalimu mpole. Alimfundisha kutunza atu moja kwa ajili ya zile 10 za mwisho. Alimfundisha namna wenzi wanavyoambiana bila kusema: kama mmekubaliana kabla, ukikosa rangi iliyochezwa unatupa karata ndogo ya rangi ambayo una asi yake, na mwenzako anajua njia ya kurudi. Kwenye simu, na mtu usiyemjua, makubaliano hayo hayapo. "Ndiyo sababu mnaachana kila siku," alisema, na haikueleweka kama anazungumzia karata au vijana wa sasa.

Wazo la Likasi lilikuwa la binti. Programu ile inaruhusu kufungua meza ya watu wanaojuana. Alitafuta namba ya yule mzee wa tatu, akampata kupitia mjukuu wake wa sekondari ambaye alikuwa na simu nzuri. Kwa siku kadhaa mjukuu alifundishwa kwa ujumbe wa sauti, kwa sababu meza inataka wanne, na wa nne hakuwepo. Timu zilipangwa kwa nyumba: Ruashi dhidi ya Likasi. Wazee wawili ambao kwa miaka zaidi ya ishirini walikuwa upande mmoja sasa wakawa wapinzani. Papa alisema hilo pekee linatosha kumfanya asilale.

Meza ya kwanza ilikuwa Jumapili baada ya misa. Walicheza hadi 1,000. Mama wa nyumba alileta njugu na, kwa mara ya kwanza, akaangalia kioo cha simu, ingawa alisema hakuna anachoelewa pale. Mtandao ulikatika mara mbili. Wakati raundi ya mwisho inagawiwa, Likasi walikuwa na 948, Ruashi 904.

Karata iliyogeuzwa ilikuwa tisa ya karo. Binti alikuwa na valé ya karo mkononi, na zamu ya kufungua ilikuwa yake. Alichukua. Karata za mwisho zilipogawiwa alijikuta na atu nne: valé, tisa, nane na saba. Alipiga valé. Papa akaweka mfalme, Likasi wakatoa dame na kumi. Pointi 37. Zilibaki nje ngapi? Moja, asi. Alipiga tisa, asi ikaanguka, na Papa akampakia kumi ya trefle. Pointi 35 nyingine. Jumla 72 kwa mikono miwili, na atu zilizobaki duniani zilikuwa mbili, zote kwake. Alijua tayari kwamba hawawezi kuingia ndani, maana 10 za mwisho zilikuwa zake. Lakini kwa hesabu ya jumla, ili kuwapita Likasi, walihitaji 104.

Akapiga asi ya piki. Papa alikuwa na piki mbili, kumi na nane. Kila mchezaji wa beloti anajua la kufanya hapo: mwenzako anaokota, mpakie kumi. Mzee aliusogeza uso karibu na simu, akagusa, ikatoka nane.

Ile kumi ililazimika kutoka baadaye, na iliangukia mikono ya Likasi. Raundi iliisha 100 kwa 62. Likasi 1,010, Ruashi 1,004. Pointi kumi zile zingekaa upande wa Ruashi, ingekuwa 1,014 kwa 1,000.

Binti hakusema kitu. Ni mzee aliyeanza. Alisema karata za simu ni ndogo kama punje za mtama. Alisema nane na kumi zinafanana. Alisema kidole kiliteleza. Mama wa nyumba, ambaye hakuwa anaelewa kitu, alicheka hadi akashika mti.

Kisha Papa aliuliza miwani inauzwa bei gani pale sokoni, na kama binti anaweza kupita kesho asubuhi kabla ya kufungua mwavuli. Simu ililia. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka Likasi, sekunde arobaini. Hapakuwa na neno hata moja ndani yake, kicheko tu, na mzee aliusikiliza mara tatu.