Tiana na Swali Wasiloulizwa Wanaume

Filamu ya katuni The Princess and the Frog, iliyotolewa mwaka 2009, ilisifiwa kwa kuwapa watoto binti mfalme mweusi wa kwanza wa Disney. Sifa hiyo ni ya haki. Linalonikera mimi ni somo analofundishwa Tiana: kwamba anafanya kazi kupita kiasi, na kwamba anachohitaji hasa ni mapenzi.

Tuitazame hali yake. Ni New Orleans ya miaka ya 1920. Baba amefariki, mama ni mshona nguo. Yeye ni mhudumu wa mgahawa usiku na mchana, akidunduliza bakshishi ili anunue kiwanda kikuukuu cha sukari na kukigeuza mgahawa wake. Anapodhani amefika, madalali wanamwarifu kuwa kajitokeza mnunuzi mwenye fedha zaidi, kisha wanaongeza kwamba mwanamke wa asili yake ni afadhali abaki alipo.

Kwangu, kiini cha hadithi ni hapo. Kilichomzuia Tiana ni mtaji, rangi na jinsia, katika jimbo ambalo sheria yake iliwatenga weusi na weupe. Filamu inapapita upesi, ikatokomea kwenye vyura na uganga, na hatimaye madalali wanalainishwa na meno ya mamba. Ajuza Mama Odie anamhimiza atambue anachokihitaji. Naveen naye anaonywa papo hapo, lakini kwa uvivu na uchu wa fedha; Tiana anaketishwa benchi moja naye kwa kosa la kujituma.

Mpishi Leah Chase, mmoja wa watu waliokuwa kielelezo cha Tiana, hakuwa na mamba. Aliolewa, akazaa watoto wanne, na katika mgahawa wa ukweni, Dooky Chase, aliwalisha wanaharakati weusi na weupe waliopanga mapambano ya haki za kiraia mezani pake, wakati ambapo kukaa kwao pamoja kulikatazwa. Alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 96, na alikuwa hajaacha kupika.

Nimewahi kuketi kwenye jopo la usaili wa masomo ya uzamivu ambapo mwombaji wa kike aliulizwa iwapo mumewe ataridhia. Wanaume watatu waliomtangulia hawakuulizwa habari za wake zao. Nilipinga, swali likafutwa katika kumbukumbu za kikao. Nina shaka kama lilifutika pia katika alama.

Hata hivyo, filamu imepatia jambo moja. Kule kwenye kinamasi Tiana anamfundisha Naveen, mwanamfalme asiyewahi kujipikia, kukatakata uyoga. Anakata polepole mno, hata inachekesha. Baadaye, anapotaka kumposa, anamwandalia chakula alichokikata mwenyewe.