Herufi Tatu na Daftari Langu

Semista iliyopita mhadhiri wetu wa isimu alituokotesha vikaratasi, kila mmoja na lugha zake za kulinganisha. Wenzangu walipata Kifaransa na Kihispania, Kizulu na Kiswahili. Mimi nikafungua changu: Kiestonia na Kikurdi. Nikasema hapa imekula kwangu.

Nilianza na sarufi, maana ndiyo tuliyozoea. Lugha hizi si ndugu. Kikurdi ni cha ukoo mmoja na Kiajemi, kwa hiyo kwa mbali kinahusiana hata na Kiingereza. Kiestonia hakimo humo, ndugu yake wa karibu ni Kifini. Nomino za Kiestonia zina maumbo ya hali 14: maja ni nyumba, majas ni ndani ya nyumba, majast ni kutoka ndani ya nyumba, majata ni bila nyumba. Na ta ni mtu yeyote, mwanamke au mwanamume, kama "yeye" yetu. Kikurdi cha Kurmanji, kinachozungumzwa sana Uturuki na Syria, chenyewe kina jinsia, na kina kituko chake. Ez nan dixwim ni "ninakula mkate". Ukishaula inakuwa min nan xwar. Yaani hata neno la "mimi" linabadilika! Nikafurahi, nikaona alama zangu zile pale.

Usiku wa pili nikafika kwenye idadi ya wasemaji. Kiestonia kina kama milioni 1.1. Kikurdi kina zaidi ya milioni 20, walioko Uturuki, Iran, Iraq na Syria. Kwa akili ya kawaida ungesema hicho kidogo ndicho kinachohangaika. Wapi! Chuo Kikuu cha Tartu kilianzishwa mwaka 1632, na kwa muda mrefu kilifundisha kwa lugha za watawala na wasomi: Kilatini, Kijerumani, Kirusi. Kiestonia kilikuwa lugha ya wakulima. Mwaka 1919, nchi ikiwa imejitangazia uhuru mwaka mmoja tu kabla, chuo kikafunguliwa kwa Kiestonia. Maneno yaliyokosekana yakatafutwa. Mtu mmoja, Johannes Aavik, mengine aliyatunga tu kichwani mwake, kama roim, yaani kosa la jinai, na watu wanayatumia hadi leo.

Sasa njoo kwa Wakurdi. Nchini Uturuki, sheria ya mwaka 1983 ilifunga mlango wa kuchapisha kwa Kikurdi hadi ilipofutwa 1991. Tangu 2012 mtoto anaweza kukichukua shuleni kama somo la kuchagua, lakini hesabu na sayansi anasoma kwa Kituruki. Ukivuka mpaka ukaingia jimbo la Wakurdi la Iraq, ambako katiba ya 2005 inakitambua Kikurdi kuwa lugha rasmi pamoja na Kiarabu, mtoto wa Kikurdi anasoma hesabu hizohizo kwa lugha ya mama yake.

Kilichonikamata zaidi ni herufi. Alfabeti ya Uturuki iliyopitishwa kisheria mwaka 1928 haina q, w wala x. Kikurdi kinazo. Kwa miaka mingi kuziandika kwenye karatasi rasmi kuliweza kukufikisha mahakamani, na adhabu hiyo iliondolewa 2014 tu. Rudi uangalie lile neno xwar: herufi mbili kati ya hizo tatu zimo kwenye kula mkate. Jaribu kutoa w kwenye Kiswahili uone. Hakuna mwalimu, hakuna mwanafunzi, hakuna hata wewe.

Hapo nikakumbuka daftari langu.

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha, shule niliyopangiwa ilikuwa na sheria ya Kiingereza tu. Nikakabidhiwa daftari la kuandika majina ya wanaoongea Kiswahili. Niliandika kwa bidii, si unajua mgeni anavyotaka kuonekana. Kulikuwa na binti mmoja wa kidato cha kwanza aliyekuwemo kila siku. Miaka saba ya shule ya msingi kasoma kwa Kiswahili, likizo imeisha, kila kitu kimegeuka. Wiki ya tatu jina lake likatoweka kwenye daftari, nikampongeza mbele ya darasa zima. Kumbe hakuwa ameanza kuongea Kiingereza. Alikuwa ameacha kuongea. Nikimuuliza swali alisimama, akatazama dawati, mpaka nikamwambia akae.

Mtasema hakuna aliyewahi kufungwa kwetu kwa kuongea Kiswahili. Kweli, na siwezi kuweka daftari langu kwenye mizani moja na yaliyowapata Wakurdi. Waestonia nao si malaika. Tangu 2024 shule za kwao zilizofundisha kwa Kirusi zinahamishiwa Kiestonia hatua kwa hatua, na kuna watoto wa nyumba za Kirusi wanaoanza darasa la kwanza kwa lugha isiyo ya nyumbani. Aliyewahi kunyimwa anaweza naye kunyima. Mimi sikuwa bunge wala jeshi, nilikuwa mwalimu mwanafunzi mwenye kalamu ya bluu, na ilitosha kumnyamazisha mtoto kwa wiki tatu.

Siku ya kuwasilisha nilisema yote haya isipokuwa habari ya daftari. Mhadhiri akaniuliza tofauti kubwa ya lugha hizi mbili ni ipi. Nikajibu hali 14. Nilijua moyoni kwamba jibu ni shule, ila kulitaja ningelazimika kujitaja na mimi.

Mwaka huu tunarudi tena kwenye mazoezi. Kiingereza nitakifundisha, maana mtihani wa kidato cha nne unawasubiri na sitaki kuwadanganya. Lakini nikipewa daftari nitalirudisha. Na mtoto akisimama na jibu kwa Kiswahili, nitalipokea kwanza, halafu tutalitafutia Kiingereza chake pamoja.